Kereng'ende Mnene na Kereng'ende Mwembamba



Katika mlango huu wa wazazi na watoto tumezoea kuzungumza juu ya adabu za nyumbani, na usafi, na mambo ya masomo. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya mdudu. Huenda baadhi ya wasomaji wakacheka, wakasema, “Mwalimu wa chuoni ana kazi gani na wadudu?” Tunawaomba wavumilie kidogo, kwani khabari hii inatuhusu sisi wenyewe. Ndani yake mna kosa tulilolifanya mbele ya watoto, wala hatuoni njia ya kulisahihisha iliyo bora kuliko kulisema.

Nyuma ya chuo chetu liko birika la zamani, lililojengwa na waliotutangulia kwa ajili ya kutawadhia. Tangu tulipoletewa maji ya bomba, birika lile halitumiki tena ila kwa kumwagilia miti, na mvua za masika hulijaza hata likafurika. Masika ya mwaka jana lilizungukwa na kereng'ende wa kila namna: wekundu, na wa manjano, na wa samawati, wanene wakikata hewa kwa nguvu, na wembamba mfano wa sindano wakitua juu ya majani. (Wala asidhani mtu kuwa tunamtaja yule ndege wa jamaa ya kwale aitwaye kwa jina hili hili, tunamkusudia mdudu arukaye juu ya maji.) Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka tisa, akatuuliza: “Maalim, hawa wembamba na hawa wanene ni ndugu, au ni watoto na wazee wao?” Nasi bila ya kufikiri tukamjibu: “Hao wembamba ni watoto. Wakila watanenepa.” Mtoto akanyamaza, kwani mwalimu amekwisha sema.

Siku chache baadaye watoto walichota maji kwa ndoo, wakaona ndani yake vidudu vya rangi ya tope, vyenye miguu sita na macho makubwa, vibaya wa sura. Wakaja mbio kutuita. Tukatazama, tukasema moyoni mwetu: watoto wa kereng'ende tunawajua, ni wale wembamba warukao, basi hawa ni wadudu wengine, na wadudu wenye sura kama hii hawana kheri. Tukaamrisha wachotwe kwa kipande cha chandarua kikuukuu, na wamwagwe mchangani juani. Walifika karibu nusu ndoo. Watoto wakasimama wakitazama hata wale wadudu walipokufa.

Jioni yake dada wa yule mwanafunzi, msichana asomaye skuli ya sekondari, alikuja kumchukua ndugu yake. Akatuamkia, “Shikamoo, Maalim,” khalafu akainama akatazama pale mchangani, akasema kwa adabu: “Maalim, niwie radhi. Hawa ndio watoto wa kereng'ende. Wao huishi majini, na chakula chao ni viluwiluwi vya mbu.” Hatukumsadiki. Msichana hakubishana nasi. Aliomba ruhusa achukue wawili waliosalia kwenye ndoo wakiwa hai, akawatia katika chupa ya mdomo mpana yenye maji ya birika, akasimamisha kijiti ndani yake, akaiweka dirishani mwa chuo. Akasema, “Tuwalishe viluwiluwi, Maalim, na tungoje.”

Na wakati wa kungoja tukaanza kusoma. Yule msichana alituletea kitabu chake cha elimu ya viumbe, na kila alasiri baada ya masomo tukatoka pamoja na watoto mpaka birikani, kulinganisha yaliyoandikwa na yaliyokuwapo mbele ya macho yetu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayaandika ili kila nyumba yenye kisima, au shamba la mpunga, au hata dimbwi mbele ya mlango, ipate kuyatazama pamoja na watoto wake.

UKOO MMOJA, MILANGO MIWILI

Kereng'ende wote ni ukoo mmoja. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zao zaidi ya 6,000 duniani. Wote wana miguu sita na mabawa manne yenye mishipa kama wavu, na macho makubwa, na vipapasio vifupi vyembamba mfano wa unywele. Kile ambacho watoto hukiita mkia si mkia, bali ni tumbo lake refu lenye pingili kumi. Wala hana mwiba wa kuumia. Wale wanaowatisha watoto kwamba kereng'ende huuma kwa mkia kama nge, wanasema lisilokuwapo. Akishikwa, yule mkubwa aweza kufinya kidole kwa meno yake, basi.

Lakini ukoo huu una milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kereng'ende wanene, ambao wataalamu huwaita Anisoptera, jina la Kiyunani lenye maana ya mabawa yasiyo sawa. Mlango wa pili ni wa kereng'ende wembamba, waitwao Zygoptera, na jina hilo limetokana na neno la nira au jozi, kwa kuwa mabawa yao ya mbele na ya nyuma yamelingana kama jozi. Wembamba si watoto wa wanene, wala wanene si wazee wa wembamba. Mdudu wa ukoo huu akisha pata mabawa hakui tena hata kidogo. Mwembamba huzaliwa mwembamba, huishi mwembamba, na hufa mwembamba. Kwa hivyo neno letu kwamba “wakila watanenepa” lilikuwa upuuzi mtupu.

Sasa, mtu atawatambuaje? Kadhi hakati hukumu kwa neno la shahidi mmoja, na katika jambo hili pia shahidi mmoja aweza kukupoteza. Tutawaita mashahidi wanne, mmoja mmoja.

Shahidi wa kwanza ni macho. Mtazame kereng'ende kwa mbele. Ukiona macho mawili makubwa yamefunika sehemu kubwa ya kichwa, nayo yamekutana juu au yamekaribia kukutana, huyo ni mnene. Ukiona macho yako mbali, moja huku na moja huko kwenye ncha za kichwa kilicholala kama mpingo wa mizani, na nafasi iliyo baina yao ni pana kuliko jicho lenyewe, huyo ni mwembamba. Wako baadhi ya wanene ambao macho yao hayakugusana. Lakini hata hao nafasi yao ni ndogo, na kichwa chao hakina umbo lile la mizani. Shahidi huyu ndiye mwaminifu kuliko wote. Na macho yenyewe ni ajabu: kila jicho limeundwa kwa vijicho vidogo vidogo vingi, na katika wanene wakubwa hufika hata karibu 30,000 kwa jicho moja. Ndiyo maana mtoto humnyemelea kutoka nyuma, na kabla hajanyosha mkono mdudu amekwisha kuondoka.

Shahidi wa pili ni umbo la mabawa. Kwa mnene, bawa la nyuma ni pana kuliko la mbele, khasa pale linaposhikana na mwili. Kwa mwembamba, mabawa yote manne yanakaribia kuwa sawa, na kila moja limebanwa shinani kama mpini wa kasia, khalafu likapanuka kuelekea nchani.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani upana ule wa bawa la nyuma si pambo. Yuko kereng'ende mnene wa rangi ya manjano, ambaye wataalamu humwita Pantala flavescens, na mwili wake haufiki sentimita 5. Mabawa yake ya nyuma ni mapana mno shinani, na kwa mabawa hayo huweza kuelea juu ya upepo muda mrefu bila ya kuyapiga sana. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldives, aliona kuwa kila mwaka kuanzia mwezi wa Oktoba makundi makubwa ya kereng'ende hawa hutokea visiwani humo, hali visiwa vyenyewe vina maji machache mno ya kuzalia. Baada ya kuchunguza miaka mingi, mwaka 2009 alitoa maelezo kwamba hutoka Bara Hindi na kuvuka bahari mpaka Afrika ya Mashariki, safari ya kilomita 3,500 na zaidi, wakichukuliwa na pepo za msimu. Basi ule upepo wa kaskazi uliokuwa ukiwaleta manahodha na majahazi yao katika bandari zetu, unamleta na mdudu huyu ambaye uzito wake haufiki gramu moja. Na wenyeji wa pwani wanaowaona wakicheza makundi kwa makundi juu ya viwanja wakati wa mvua za vuli, huenda wanawatazama wageni waliotoka ng'ambo.

Shahidi wa tatu ni namna ya kutua. Mnene akitua huacha mabawa yake yametandazwa pande mbili, kama ndege ya abiria iliyosimama uwanjani. Mwembamba huyakusanya mabawa yake juu ya mgongo, yakalaliana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Shahidi huyu hupendwa na watu kwa kuwa huonekana kwa mbali. Lakini ana udhaifu. Wako wembamba wa jamaa moja ambao hutua mabawa yakiwa nusu wazi, mfano wa msahafu uliowekwa juu ya marufaa, haukufungwa wala haukulazwa. Mwenye haraka huwaona akasema ni wanene. Na uko udhaifu wa pili wa shahidi huyu, ambao tutaueleza mbele, kwani ulitukuta sisi wenyewe.

Shahidi wa nne ni kiwiliwili na mruko. Mnene ana kidari kipana na tumbo lililoshiba, na mruko wake ni wa nguvu. Husimama hewani, hugeuka ghafula, na huenda mbali na maji. Mwembamba tumbo lake ni kama kijiti cha kibiriti au jembamba zaidi, na mruko wake ni wa kusitasita, chini chini baina ya majani, karibu na ukingo wa maji. Yuko mnene mmoja mdogo mwenye utepe mweusi katika mabawa, ambaye hufuatana na mtu atembeaye penye nyasi karibu na maji. Watoto hudhani anawafukuza. Hawafukuzi, anawawinda vijidudu wanaoruka kwa kushtuliwa na nyayo zao.

MASHAHIDI WA UWONGO

Baada ya kuwataja mashahidi wa kweli, yatupasa tuwataje na wa uwongo. Wa kwanza ni rangi. Watoto wetu walikuwa wakisema wekundu ni aina moja na wa manjano ni aina nyingine. Lakini katika aina nyingi dume na jike hawafanani rangi. Yule mwekundu kama pilipili anayekaa juu ya vijiti vya birika letu ni dume, na jike lake ni la manjano ya udongo. Tena aliyetoka majini karibuni huwa amepauka, na rangi yake humjia kidogo kidogo.

Wa pili ni ukubwa. Wembamba wengi ni wadogo, ni kweli, lakini si wote. Katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji yuko kereng'ende mwembamba aitwaye Coryphagrion grandis, ambaye ni mrefu kuliko wanene wengi wa mabwawani. Yeye hutaga mayai yake katika maji yaliyosimama ndani ya mashimo ya miti, na jamaa zake wa karibu wako mbali mno, Marekani ya Kati na ya Kusini. Mtu akihukumu kwa ukubwa tu atamwita mnene. Akitazama macho na mabawa atajua ukweli.

Wa tatu ni mfano wa sura. Usiku kwenye taa huja mdudu mwenye mabawa manne marefu na tumbo jembamba, na watu wengi humwita kereng'ende. Huyo si wa ukoo huu kabisa. Ni yule ambaye alipokuwa mchanga alichimba kishimo cha duara mchangani, akajificha chini yake kuwatega sisimizi. Mtambue kwa vipapasio vyake, kwani ni virefu na ncha zake zimevimba kama rungu, hali vya kereng'ende ni vifupi visivyoonekana ila kwa kuinama. Naye akitua hulaza mabawa yake juu ya tumbo kama paa la nyumba.

WATOTO WA MAJINI

Tuje sasa kwa wale tuliowaua. Kereng'ende, mnene na mwembamba, hutaga majini au karibu na maji. Mwembamba hutoboa bua la mmea na kuyatia mayai ndani yake. Wanene wengi huchovya ncha ya tumbo juu ya maji wakiwa wanaruka, na ndiko kule kuchovya ambako watoto hukuona wakadhani mdudu anakunywa. Mng'aro wa maji ndio unaowaita; kwa hivyo hudanganyika, na mara nyingine huonekana wakichovya juu ya bati la gari lililooshwa, na mayai hayo hupotea bure.

Yai likipasuka hutoka mtoto asiyefanana na mzazi wake, akaishi majini wiki kadhaa, au miezi, au hata miaka kwa aina nyingine, akijivua ngozi kila anapokua. Na hata huko majini milango miwili hujulikana. Mtoto wa kereng'ende mwembamba ni mwembamba, na nyuma yake ana vitu vitatu kama majani madogo, ambavyo humsaidia kupumua. Mtoto wa mnene ni mfupi na mpana, hana majani yale, bali huishia kwa miiba mifupi. Yeye huvuta maji kwa nyuma ili apumue, na akitishwa huyasukuma maji hayo kwa nguvu akafyatuka mbele kama mshale. Wote wawili wana mdomo wa chini uliokunjwa chini ya uso, ambao huurusha mbele ghafula na kunasa mawindo, kisha wakaurudisha. Mawindo yao ni vijidudu vya majini, na viluwiluwi vya mbu ni miongoni mwao. Wakisha pata mabawa huendelea na uwindaji huo huo hewani, miguu yao yenye miiba ikiwa imekunjwa kama kikapu cha kukamatia.

Basi tulipowamwaga wale mchangani, tuliwaua walinzi wa birika letu kwa kosa la kuwa na sura mbaya.

Isifahamike kwamba tunasema kereng'ende atosha kuondoa malaria. La. Hawezi kumaliza mbu wote, wala hakai katika makopo na vifuu vilivyojaa mvua uani, ambavyo mbu huvipenda. Mapipa ya maji ya nyumbani yafunikwe, makopo yafukiwe, na watoto walale ndani ya chandarua. Tunalosema ni kwamba asiyekujua usimwue, mpaka umjue.

ASUBUHI YA CHUPA

Zikapita siku kumi na saba. Mmoja wa wawili wale alikufa. Wa pili akaacha kula, akawa anakaa juu juu karibu na kijiti. Asubuhi moja baada ya alfajiri, watoto walipokuwa wakiingia chuoni, tukamwona amepanda kijiti mpaka nje ya maji, amejishika imara. Ngozi yake ikapasuka mgongoni, akaanza kujitoa: kwanza kidari, kisha kichwa na miguu, akaning'inia kichwa chini kwa kitambo hata tukadhani amekufa. Mara akajipinda, akashika ngozi yake ya zamani, akalitoa tumbo. Mabawa yake yalikuwa madogo, yamekunjamana kama karatasi iliyofumbatwa, nayo yakanyooka taratibu mbele ya macho yetu. Siku hiyo somo la kwanza halikusomwa, nasi hatukumkaripia mtu.

Mabawa yalipokwisha kunyooka yalikuwa yamesimama juu ya mgongo, yamelaliana kama kitabu kilichofungwa. Yule mtoto wa miaka tisa akapiga kelele: “Mwembamba! Maalim, ni mwembamba! Mabawa yamefungwa!” Watoto wote wakatugeukia sisi.

Nasi tulitaka kusema, “Ndiyo.” Neno lilikuwa limekwisha fika ulimini, kwani shahidi wa tatu alikuwa akisema hivyo waziwazi. Lakini tukaikumbuka ile nusu ndoo. Tukasema: “Hatujui bado. Tuwaulize mashahidi wengine.” Tukainama na watoto, tukatazama macho: yalikuwa makubwa, yamekutana juu ya kichwa. Tukatazama mabawa: la nyuma lilikuwa pana shinani. Tukatazama ile ngozi tupu iliyobaki kwenye kijiti: fupi, pana, haina majani matatu. Mashahidi watatu dhidi ya mmoja. Tukasema, “Huyu ni mnene.” Mtoto akauliza, “Basi mbona amefunga mabawa?” Tukamwambia, “Hilo hatulijui. Tungoje.”

Haikupita saa moja ila mabawa yale yalifunguka ghafula, yakatandaa pande mbili, wala hayakufungwa tena. Jioni yule msichana akatueleza: kereng'ende mnene anapotoka katika ngozi yake, mabawa yake huwa bado laini, na kwa muda mfupi huyakusanya juu ya mgongo kama mwembamba, mpaka yakakauka. Huo ndio udhaifu wa pili wa shahidi wa tatu tulioahidi kuueleza. Kufika wakati huo mdudu alikuwa amekwisha kuruka, amepita juu ya mwembe, akaenda zake.

Kesho yake, mbele ya wanafunzi wote, tulimsimamisha yule mtoto na dada yake, tukasema: “Ulituuliza swali, nasi tukakujibu jambo tusilolijua. Kwa jibu hilo tukawaua viumbe wasio na kosa. Jibu sahihi ni la dada yako.” Hatuwafichi wasomaji kwamba ndimi zetu zilikuwa nzito. Tumefundisha miaka zaidi ya thelathini, na hatukupata kusema maneno kama yale mbele ya watoto. Tulikhofu kwamba heshima ya mwalimu itapungua. Lakini tangu siku ile watoto huuliza zaidi, na mtoto akituuliza jambo tusilolijua, tukamwambia hatulijui, haondoki kwa huzuni; huondoka akilitafuta.

Tunawaambia wazazi wenzetu, na khasa sisi walimu ambao watoto hawathubutu kutupinga: wazee wetu walitufunza kwamba kusema “sijui” ni sehemu ya elimu, nasi tulilihifadhi neno hilo ulimini tu. Jibu la uwongo kwa mtoto halikai pale lilipotamkwa. Hutembea, likazaa jingine. Sisi tulisema neno moja juu ya wembamba na wanene, na siku chache baadaye likatutia makosani juu ya walio majini.

Wala msidhani kuwa kuwatambua viumbe hawa ni mchezo wa watoto tu. Katika milima ya Usambara ya mashariki, karibu na Amani, yuko kereng'ende mwembamba aitwaye Amanipodagrion gilliesi, aliyeelezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1962, na ambaye hakuna mahali pengine duniani anapojulikana kuishi. Yeye ni miongoni mwa walio katika khatari kubwa kabisa ya kutoweka. Na mwaka 2021 Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile, IUCN, ulitangaza matokeo ya kuchunguza aina 6,016 za kereng'ende, ukasema 16 katika kila 100 zimo khatarini, kwa kuharibiwa vijito na mabwawa na misitu yao. Asiyeweza kuwatofautisha hawezi kuwahesabu, na asiyewahesabu hatajua walipopungua.

Basi mwezi huu tunawapa watoto kazi moja. Nendeni pamoja na mkubwa mpaka penye maji, wala msiende peke yenu. Msimfunge kereng'ende uzi, wala msimkate bawa. Kaeni kimya, mtazameni akitua, muwaulize mashahidi wanne kwa mpango wao: macho, umbo la mabawa, namna ya kutua, kiwiliwili na mruko. Mkipata watatu waliokubaliana, semeni. Mkipata mmoja tu, semeni “bado.” Na mtakayoyaona tuandikieni, kwani birika letu ni dogo, na huenda liko jambo mlilolijua ninyi ambalo sisi hatulijui.

Masika haya birika limejaa tena. Vidudu vya rangi ya tope vimo humo vingi, na hakuna aliyevigusa.

Wa billahi tawfiq.